Niliyojifunza Nikimwokea Mbwa Wangu Vitafunio vya Mafunzo

Kama unafuga mbwa kwenye nyumba za ua mmoja hapa Mombasa, kumfundisha adabu si anasa. Sisi tunakaa Bombolulu: milango minne inayotazamana, bomba moja la maji, kamba moja ya kuanikia nguo. Majirani wangu wote watatu ni Waislamu. Mimi ni Mtaita wa kanisani. Doria nilipewa na kaka yangu alipohamishwa kikazi. Mamake ni Jamani shephadi, babake hajulikani. Alipofika kwangu alikuwa keshakua kimo, ana nguvu za kumburuta mtu mzima, na hakuwa amefundishwa chochote. Ukali hakuwa nao. Tatizo lilikuwa mapenzi: kila aliyefungua geti alirukiwa kifuani na kulambwa mikono.

Kwa jirani aliyekwisha kutawadha, ulimi wa mbwa ni jambo zito. Itambidi aoshe mahali palipoguswa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na huku Maghribi imeshaadhiniwa. Walinivumilia sana. Kisha yakaja ya mahamri.

Bi mkubwa wa mlango wa pili huuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Unga anaukanda jioni kwa tui, hamira na iliki, anaufunika karaini mpaka uumuke. Jioni moja ya masika, mvua ikipiga mabati hata husikii kitu, Doria alikata kamba, akapanda barazani kwa Bi, akafunua karai, akala. Unga wote ukawa wa kutupa. Karai likaoshwa mara saba, moja kwa udongo, mimi nikiwa nimesimama pale pale, na sikutolewa hata neno moja baya. Ukimya ule uliniuma kuliko matusi.

Usiku huohuo tumbo la Doria likavimba, akawa anayumba akitembea. Tulimpakia kwenye tuktuk mpaka kwa daktari wa mifugo. Huko ndiko nilikojua kwamba unga mbichi wenye hamira ni hatari kubwa kwa mbwa. Tumboni mna joto, kwa hiyo unga unaendelea kuumuka humohumo na kulitanua tumbo, na hamira inageuza sukari kuwa pombe inayoingia kwenye damu. Alilala pale akiangaliwa. Nililipa shilingi 4,500 kwa daktari, na 1,800 kwa Bi kufidia unga, nazi na mauzo ya siku ile. Asubuhi Bi akaniita.

"Mwanangu, mimi sikwambii umtupe. Ni kiumbe wa Mungu. Lakini mfundishe, au mtafutie kwingine."

"Nimesikia, Bi. Nisamehe."

"Yameshapita. Mfundishe."

Nilimpata mwalimu aliyewahi kufundisha mbwa wa walinzi. Nilitarajia aje na kiboko, maana wengi mtaani walikuwa wameshaniambia mbwa hasikii bila fimbo. Alikuja na kimfuko kiunoni kilichojaa vipande vidogo vya nyama iliyopikwa. Aliniuliza, "Dada, wewe ungekwenda kazini kama mshahara haulipwi? Na huyu hawezi kungoja mwisho wa mwezi. Mlipe papo hapo."

Papo hapo maana yake ni sekunde moja, mbili zikizidi. Mbwa akikaa chini, unamwambia "Ndiyo!" wakati uleule makalio yanapogusa ardhi, na mkono unafuata na kipande. Ukichelewa, keshasimama tena, na wewe umemlipa kwa kusimama. Baada ya muda neno lenyewe linapata uzito, kwa sababu amejifunza kwamba likitamkwa chakula kinafuata. Hakuna uchawi wowote hapo. Kuna kurudiarudia tu, na kurudiarudia kunakula vitafunio. Kipindi kifupi cha dakika kumi kinaweza kumaliza vipande hamsini bila wewe kuhisi.

Nilianza na vya dukani. Pakiti ya gramu 200 iliyotoka nje ilikuwa shilingi 900, na wiki haikuisha. Bei pekee ningeweza kubishana nayo. Shida ni kwamba biskuti zenyewe zilikuwa kubwa na ngumu. Doria alizipeleka pembeni, akalala chini, akazitafuna kwa raha zake, na mpaka amalize alikuwa ameshasahau tulikuwa tunafanya nini. Kitafunio cha mafunzo kinatakiwa kiwe kidogo kama punje ya mbaazi, kiwe laini kimezwe bila kutafunwa sana, na kinuke. Harufu ndiyo inayomvuta mbwa, ukubwa haumshughulishi. Kipande cha punje ya mbaazi na kipande cha ukubwa wa kidole vyote ni malipo mamoja kwake. Tofauti ni kwamba cha pili kitamshibisha kabla somo halijaisha.

Pia visimomonyoke. Hili nililiona kwa machicha ya nazi. Nilifikiri ni busara kutumia machicha ambayo Bi huyatupia kuku wa jirani kila siku, nikayachanganya na unga. Yalikauka vizuri, yakanukia, lakini kila kipande kilimwaga chembechembe chini, na Doria akawa anainamisha kichwa kuokota chembe badala ya kunitazama usoni. Mbwa anayetazama chini hafundishiki. Tangu hapo kila ninachooka nakijaribu kwa vidole: kikibonyezwa kinatakiwa kipinde kidogo kabla ya kukatika.

Kabla ya kuzungumzia upishi wenyewe, niseme la vyombo, kwa sababu kwa mtu wa pwani ndilo la kwanza. Nilinunua sufuria moja, mfuniko wa bati, kisu, ubao na bakuli pale Kongowea, nikavichora alama ya rangi nyekundu chini, na vinakaa kwenye ndoo yao nje. Haviingii jikoni kwangu, haviazimwi, wala havioshwi kwenye bomba la pamoja. Navioshea kwenye beseni lake. Hakuna aliyeniamuru. Lakini jirani akijua kwa hakika kwamba sufuria ninayompelekea pilau Krismasi si ile ya mbwa, anakula kwa moyo mkunjufu. Kama unaishi na watu wa imani tofauti, fanya hivi kabla hujaulizwa. Na mwezi wa Ramadhani mimi huoka usiku baada ya futari, maana harufu ya maini yanayokaushwa alasiri kwenye ua wa watu waliofunga si uungwana.

Oveni sina. Nilidhani ndiyo mwisho wa safari, mpaka Bi alipoona nikihangaika na kikaango. Aliniuliza kwani mkate wa kumimina tunauokaje siku zote? Moto juu, moto chini. Makaa machache chini ya sufuria, mengi juu ya mfuniko. Alisimama mbali na moshi wa maini, akanielekeza kwa kidole: punguza ya chini, hiyo itaungua, sogeza ya juu yaenee mpaka ukingoni. Nilimshukuru kwa moyo wote, kwa sababu hakuwa na sababu ya kunisaidia.

Ninachooka mara nyingi ni hivi. Nusu kilo ya maini ya ng'ombe naichemsha bila chumvi mpaka ndani pasiwe na damu, halafu naisaga kwenye blenda pamoja na mayai mawili na maji kidogo ya kuchemshia. Nachanganya na vikombe viwili vya unga wa atta hadi upate uji mzito sana, unaoshuka mwikoni kwa shida. Sufuria naipaka mafuta kidogo, namimina kimo cha nusu sentimita, nafunika, napalia makaa juu. Baada ya nusu saa hivi huwa umeshikana. Kijiti kikiingia kinatoka kikavu. Mwenye oveni aweke nyuzi 175 kwa dakika 25 hadi 30. Naugeuza ubaoni, nauacha upoe kidogo, naukata mistari myembamba, kisha nakata tena kupata vipande vidogo. Hamira sitii, wala sukari, wala chumvi, wala kitunguu.

Hapo wengi huishia, na mahali pengine duniani pengine inatosha. Mombasa haitoshi. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na mwezi wa tano ndio wenye mvua kubwa kuliko yote. Mara ya kwanza vipande vilikuwa laini, vizuri, nikavitia kwenye kopo la bati vikiwa na vuguvugu na kuliweka kopo juu ya kabati. Mvuke uliganda kwenye mfuniko ukadondoka ndani. Siku ya tatu nilipofungua, ukungu wa kijani ulikuwa umeshatanda pembeni.

Kishawishi kilikuwa kuchambua vilivyoharibika na kumpa vile visivyo na alama. Namshukuru daktari wa mifugo niliyempigia simu kwanza. Kuna kuvu wa jamii ya Aspergillus wanaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, nao hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo inashambulia ini, haina harufu wala ladha ya kuitambua, na moto wa jikoni hauimalizi. Wakenya tunaijua kwa uchungu: mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Anaacha kula, anatapika, analegea, na ufizi na weupe wa macho unageuka manjano. Ukiona manjano hiyo usingoje kesho.

Nilitupa kopo zima. Niliumia, maana fedha ya maini ilikuwa imetoka kwenye bajeti ya chakula cha nyumbani, na pia nilikuwa nimekaa mbele ya jiko jioni nzima. Ila nilibadilisha mambo mawili, na tangu hapo sijapoteza kitu. La kwanza ni kukausha mara ya pili: vipande vikishakatwa navirudisha kwenye sufuria kavu, moto wa makaa yaliyokwisha kufifia juu na chini, mfuniko nikiuacha wazi upenyo mdogo mvuke utoke, mpaka sehemu ya nje iwe kavu na ndani pabaki ulaini kidogo. Kwa oveni ni nyuzi 100 hivi, mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo, saa moja au zaidi. La pili ni baridi. Vikipoa kabisa, kabisa, nagawa kwenye mifuko midogo, kila mfuko wa siku mbili au tatu. Mmoja unakaa kwenye friji, mingine friza. Vya friji havivuki siku tano. Kopo la juu ya kabati liachieni kumbukumbu na sisimizi. Na stima ikikatika kwa muda mrefu hadi vya friza vikalainika na kupata joto, sivirudishi, vinatupwa.

Kwa sababu ileile nimekuwa mkali na karanga. Mbwa anapenda siagi ya karanga kupita kiasi na ni rahisi kuitumia, lakini karanga ni kati ya mazao yanayoshikwa sana na kuvu huyo. Sinunui za kusagwa zilizokaa kwenye ndoo wazi. Nachagua mwenyewe karanga nzima, natoa zilizosinyaa, zenye madoa au ladha chungu, nakaanga na kusaga kidogo ya kutosha wiki. Ukinunua ya chupa dukani, soma kibandiko chote. Baadhi ya siagi za karanga zisizo na sukari hutiwa zailitoli (xylitol), utamu wa bandia ambao kwa mtu hauna neno lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu kwa kasi, akaanguka na hata kufa. Ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye chingamu nyingi zisizo na sukari, kwa hiyo begi la mgeni lisiachwe sakafuni.

Na hapa niwaombe ndugu zangu wa pwani msimamishe mkono kabla ya kutia viungo. Sisi mapishi bila viungo tunayaona hayana maana, na ni tabia njema mezani kwetu. Kwa mbwa, kungumanga ina kemikali inayomletea mtetemeko na kuchanganyikiwa akila ya kutosha, isiwekwe kabisa. Vitunguu maji, vitunguu saumu na majani yake huharibu chembe nyekundu za damu, vikiwa vibichi au vimepikwa, hivyo mchuzi uliobaki usiuone kama maji mazuri ya kukandia. Zabibu, zile tunazozimwaga kwenye biriani na vitumbua, zinaweza kuua figo, na hakuna anayeweza kukwambia mbwa wako atastahimili ngapi. Chokoleti na kahawa pia hapana. Makadamia, ambazo Kenya tunazilima kwa wingi na mtu anaweza kukuletea zawadi kutoka bara, humfanya mbwa ashindwe kusimama kwa miguu ya nyuma. Mifupa iliyopikwa hupasuka vigingi vikachoma utumbo. Mpwa wangu mdogo alitaka kumpa Doria kipande cha keki ya Krismasi yenye zabibu "kwa sababu amekaa vizuri". Sikumkemea mtoto, alikuwa amefuata yale aliyoniona nikiyafanya. Tangu siku hiyo bakuli la vipande vya Doria liko mahali pamoja, na kila mtoto wa uani anajua kwamba malipo ya Doria hutoka humo tu, na hurushwa chini, hayashikwi mbele ya mdomo wake. Hivyo mate hayamgusi mtu.

Samaki amenisaidia kuliko nilivyofikiri. Omena wakavu wa Kongowea wananuka vya kutosha kumfanya mbwa asahau dunia. Ila walowekwe na kuoshwa maji kadhaa mchanga utoke, wachemshwe, halafu wakaushwe kwenye sufuria hadi wakatike kwa mkono. Apewe mmoja mmoja, nusunusu. Ng'onda na papa mkavu sithubutu, chumvi yake ni nyingi mno kwa mnyama huyu, atakunywa maji usiku kucha na anaweza kuugua vibaya. Boga na viazi vitamu vilivyochemshwa navyo ni vizuri kuchanganya kwenye unga badala ya sehemu ya maini. Vinalainisha, havina gharama, na tumbo linakaa sawa.

Maana tumbo nalo lina habari yake. Tulipoanza, kinyesi kikawa maji na Doria akanenepa kwa pamoja. Kanuni inayotumiwa na madaktari ni kwamba vitafunio visizidi asilimia 10 ya nishati anayokula kwa siku. Doria ana kilo 25. Mbwa aliyekwisha kukua wa uzito huo, asiye na kazi nzito, anahitaji kama kalori 1,100 mpaka 1,250. Basi vitafunio vyote vya siku visipite kalori 110 hadi 125, na maini yaliyopikwa peke yake yana karibu kalori 190 kwa gramu 100. Ukiyapima kwenye mizani unashtuka jinsi kiasi hicho kilivyo kidogo. Ndiyo maana ya kukata punje ya mbaazi. Siku ya mafunzo mengi napunguza chakula cha jioni. Kwa mambo mepesi, kama kukaa nyumbani pasipo na fujo, nampa punje za chakula chake cha kawaida. Maini hayafai kuwa ya kila siku mwaka mzima kwa wingi, kwa sababu yamejaa vitamini A, nayo ikilimbikizana mwilini huharibu mifupa na shingo. Nabadilisha: wiki ya maini, wiki ya boga na yai, wiki ya omena.

Na vitafunio visilingane thamani. Mbwa ana daraja zake. Ndani ya ua, punje ya chakula cha kawaida inatosha. Getini, maini. Ufukweni Nyali alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na kaa wanakimbia huku na huku mchangani, sikuweza kupata sikio lake bila omena. Mwalimu alinikataza kutumia omena nyumbani ili wasipoteze nguvu yao. Tulikwenda asubuhi mapema na jioni tu. Mchana mchanga unaunguza nyayo na mbwa anahema badala ya kujifunza.

Somo lililotuokoa lilikuwa la gunia. Tulitandika gunia karibu na mlango wetu, na kila mguu wa Doria ulipoligusa nikasema "Ndiyo!" na kipande kikadondoka juu yake. Baadaye miguu minne. Baadaye kulala. Kisha tukaongeza geti: mimi naligusa, analala, analipwa, nalifungua kidogo, analipwa, mtu anaingia, analipwa mfululizo mpaka mtu apite. Nilimwomba kijana wa mlango wa tatu atusaidie kuingia na kutoka, akakubali, akawa anasimama mbali, kisha anasogea kidogo kidogo kila jioni. Doria akiinuka, hakuna kelele wala kipigo, malipo yanasimama tu na kijana anarudi nyuma. Kulikuwa na jioni ambazo nilitaka kuacha. Mvua, uchovu wa kazini, mbwa aliyesahau yote ya jana. Jioni kama hizo nilijifunza kufanya jambo moja rahisi analoliweza, nimlipe, tufunge.

"Acha!" nilimfundisha kwa ngumi. Kipande ndani ya ngumi, ananusa, analamba, anakwaruza; anapochoka na kurudisha kichwa nyuma, anasikia "Ndiyo!" na analipwa kutoka mkono mwingine, wala si ule. Kisha kipande sakafuni chini ya kiatu. Kisha bila kiatu. Mwisho nilitumia karai la Doria mwenyewe lenye chapati iliyoiva ndani, na Bi akiwa barazani kwake akitazama. Doria alipita mbele ya karai akaja kunitazama usoni. Bi alicheka kwa sauti, akasema "Mashallah," na mimi machozi yakanitoka.

Jambo moja linawapotosha wengi: kumwonyesha mbwa kipande kwanza ndipo atii. Huko ni kumbembeleza, na siku mfuko ukiwa mtupu hatasikia. Mikono iwe mitupu, malipo yatoke mfukoni baada ya kazi. Akishalijua jambo vizuri, unaanza kumlipa mara moja moja bila mpangilio anaoweza kuukisia, na mara nyingine sifa na mkuno wa shingo vinatosha. Sijaacha kabisa kulipa kwa gunia la getini, na sidhani nitaacha. Kazi ile ni ngumu kwake, na kila siku kunapita mtu anayekwenda msikitini.

Kwa gharama: maini nusu kilo shilingi 300, mayai mawili 40, unga 50, mkaa 60. Napata kama gramu 700 kwa 450, dhidi ya ile pakiti ya 900 yenye gramu 200. Usisahau kuhesabu vyombo vyake, tokeni za stima za friza, na jioni nzima ya kukaa na jiko. Kama kazi yako haikupi jioni hiyo, chemsha tu kifua cha kuku bila chumvi, kikate vidogo, kigandishe. Mbwa wako hatalalamika. Na kabla hujaanza kumpitisha karibu na watu, hakikisha ana chanjo ya kichaa cha mbwa, inayotolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na ameng'olewa kupe.

Anayeanza wiki hii asioke nusu kilo. Anunue robo ya maini, aoke, ampe mbwa vipande vichache tu siku ya kwanza na aangalie kinyesi cha kesho yake kabla ya kuendelea. Mbwa mwenye maradhi ya figo, kongosho au mzio apelekwe kwanza kwa daktari na orodha ya vitu unavyokusudia kutia.